Fomata Iitwe na Skripti Yenyewe, Isingoje Mkono wa Mtu

Katika chama chetu cha kompyuta hapa Atlabara pamezuka mabishano yaliyodumu muhula mzima, na kwa kuwa ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule nao wametia neno lao kwa barua, naona yafaa jambo hili liandikwe katika gazeti letu ili kila mtu alipime. Kwa kulitazama tu, laonekana dogo. Ni juu ya nafasi zinazoachwa mwanzo wa mstari, na mahali pa kukata mstari mrefu, na kama maneno yafungwe kwa alama moja au kwa alama mbili. Lakini limetugombanisha kuliko mpira wa miguu. Nami ninayo maoni yangu, nitayasema waziwazi: kila skripti yetu inayoandika msimbo na iite fomata yenyewe kabla ya kuweka faili, bila kungoja mkono wa mtu.

Kwa faida ya wasomaji wasiohudhuria chama, nieleze kidogo. Msimbo ni yale maandishi ambayo mtu huyaandika ili kompyuta iyafuate. Skripti ni programu fupi ya kufanya kazi inayorudiarudia, kama kunakili mafaili au kujaza orodha. Fomata ni programu inayosoma msimbo na kuuandika upya kwa mpangilio mmoja: huvuta mistari ndani au nje, hukata iliyo mirefu, huweka nafasi kando ya alama, wala haibadili maana. Ni kama mwalimu wa mwandiko wa zamani, ila huyu hachoki wala hana mwanafunzi ampendaye zaidi ya wengine.

Programu za namna hii si ngeni duniani. Katika Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, tayari ilikuwamo programu iitwayo indent, kazi yake kupanga msimbo wa lugha ya C. Tatizo la indent ni kwamba ilimpa mtu mambo mengi mno ya kuchagua, kila mmoja akapanga atakavyo, na ugomvi ukabaki pale pale. Lugha ya Go ilipotangazwa mwezi wa Novemba 2009 ilikuja pamoja na gofmt, ambayo haimwulizi mtu apenda nini: mpangilio ni mmoja, basi. Mwaka 2017 ikaja Prettier kwa watu wa JavaScript, na mwaka 2018 Łukasz Langa akatoa Black kwa watu wa Python. Jina la Black latokana na ule msemo unaosimuliwa kuwa ni wa Henry Ford, kwamba mteja aweza kupata gari la rangi yoyote maadamu ni nyeusi. Black huacha mambo machache sana ya kuchagua. Usipoiambia neno, huvunja mstari unaozidi herufi 88.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Chama kina programu ya maswali ya msamiati, ambayo wengi mmeiona. Maneno ya Kiswahili yamo katika jedwali, na mbele ya kila neno imewekwa maana yake kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kibari, kwa Kidinka na kwa Kiingereza. Wanafunzi hulijaza jedwali, kisha skripti hulisoma na kuandika faili la Python lenye orodha yote. Wako watakaouliza kwa nini tusiliache jedwali kama lilivyo, programu ikalisoma moja kwa moja. Ni swali la haki. Jibu ni kwamba faili lile ndilo kitabu chetu cha somo: watoto wa kidato cha kwanza hulifungua, na humo ndimo wanamoona kwa mara ya kwanza orodha na kamusi za Python zimekaaje. Kwa hiyo faili linaloandikwa na mashine lapaswa lisomeke na mtu, na lisomeke vizuri kuliko la mwanafunzi yeyote.

Skripti ya zamani haikujua hayo. Ilichukua kila neno ikalitia kati ya alama mbili za mkato mmoja mmoja, ikaongeza nafasi nne hapa na nafasi nane pale, ikaweka koma, ikaendelea. Kwa maneno kama «mti» na «nyumba» mambo yalikwenda sawa. Likaja neno «ng'ombe». Yule mkato wa ng' ukafunga neno kabla ya wakati wake, na herufi zilizobaki zikaachwa nje zikining'inia, Python isizijue ni za nani. Kadhalika «ng'ambo» na «kung'aa» na jamaa zao wote. Skripti yenyewe haikuona lolote. Ilisema kazi imekwisha, ikalala. Kosa likagunduliwa siku ya somo, mbele ya darasa, jenereta ikiwaka na mafuta yakiliwa, na watoto waliokuwa wakiona msimbo kwa mara ya kwanza wakapata kuona faili lisilofunguka.

Dawa ya kosa lile moja yajulikana: Python inayo njia yake ya kuandika neno ili alama zake zisigongane, iitwayo repr, na sasa twaitumia. Lakini hoja yangu ni nyingine. Lau skripti ile ingaliita fomata kabla ya kuweka faili, kosa lingalikamatwa dakika ile ile. Kwa nini? Kwa sababu fomata haipaki rangi tu juu ya maandishi. Black, kabla ya kugusa nafasi moja, husoma msimbo wote na kujenga mti wa maana yake. Ukiwa hausomeki, hukataa kufanya kazi, na kumaliza kwa namba 123. Ukisomeka, huupanga, kisha huulinganisha mti wa kwanza na wa pili kuona kwamba maana haikubadilika. Basi skripti inayoita fomata imejipatia mlinzi wa mlangoni bila kuongezewa mshahara.

Iko faida nyingine ambayo wengi hawaioni mpaka wafungue ile skripti ya zamani. Karibu nusu ya mistari yake ilikuwa ni kazi ya kuhesabu nafasi. Kama neno ni refu, punguza. Kama ni la mwisho, usiweke koma. Kama ni la kwanza, sogeza. Yote hayo ni kazi ya fomata, na skripti ilikuwa ikiifanya vibaya. Jina la mtaa wetu, kwa Kiarabu, ni kama kumwambia mtu «toka nje», na mimi nasema skripti nayo na itoke nje, ikamwite mjuzi, isijifanye yajua kila kazi. Andika msimbo wowote ovyo, mstari mmoja mrefu kama barabara ya Nimule ukipenda, maadamu ni sahihi. Kisha mpe fomata aukate.

Namna ya kuiita ndiyo iliyo na mitego, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi hudhani ni kuandika jina la Black katika skripti na kwenda zako.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuiita kama amri, yaani skripti yaanzisha programu nyingine pembeni, yaipa maandishi, nayo yarudisha maandishi. Ya pili ni kuiingiza ndani kama maktaba, ukaita kazi yake moja kwa moja. Katika Go njia ya pili ndiyo nzuri, kwa kuwa wenyewe waliiandaa: tangu Go 1.1 ya mwaka 2013 lugha ile inayo maktaba iitwayo go/format, na programu zinazotunga msimbo huitumia hiyo. Katika Python mambo ni kinyume. Waandishi wa Black wamesema waziwazi katika maelezo yao kwamba ni programu ya kuitwa kwa amri, wala hawaahidi kwamba yaliyomo ndani yatabaki yalivyo. Wako vijana wetu waliokwisha kuona njia ya mkato ya kuingia ndani yake, na yafanya kazi leo. Mimi siwaungi mkono. Ukiingia nyumba ya mtu kwa dirisha, usilalamike siku atakapolijenga ukuta.

Basi tuiite kwa amri, lakini kwa adabu. Kwanza, isiitwe kwa kupitia sheli, yaani usitunge sentensi moja ndefu ukaitupa ili ikatwekatwe. Tunalo faili liitwalo «maswali ya Kiswahili.py», na sheli ikiliona jina lile bila kufungwa husoma mafaili matatu, «maswali» na «ya» na «Kiswahili.py», ambayo hata moja halipo. Mpe Python maneno ya amri yakiwa orodha, kila neno mahali pake, naye atayapeleka kama yalivyo.

Pili, skripti iite Black kwa kupitia Python ile ile inayoiendesha skripti, wala si kwa jina tupu. Katika kompyuta moja mna Python mbili au tatu, na skripti inayoendeshwa na saa ya usiku haioni njia zile unazoziona wewe mchana ukiwa umekaa mbele ya kibodi. Ndiyo maana mtu husema «kwangu yafanya kazi» na mwenzake ashangae. Sys.executable ndiyo ijuayo Python gani iko kazini. Ifuatwe hiyo, kisha lisemwe neno -m na jina la Black.

Tatu ni herufi. Wenzetu wa kutoka Afrika ya Mashariki hawana shida hii kwa Kiswahili, maana herufi zake ni za kawaida. Lakini Kidinka kina ɛ na ɔ na ŋ na ɣ, na baadhi ya kompyuta zetu za Windows, zikiachiwa zichague zenyewe jinsi ya kupeleka herufi kutoka programu moja hadi nyingine, huchagua jedwali la zamani ambalo halina herufi hizo. Hapo ama kazi itakataliwa ama maneno yataharibika. Skripti na iseme wazi kwamba maandishi yaenda na kurudi kwa UTF-8. Ni neno moja tu la kuandika, na bila hilo lugha za nyumbani ndizo zinazoumia peke yake.

Nne, skripti iangalie namba ambayo fomata humalizia nayo. Sifuri maana yake salama. Namba nyingine yoyote ni habari, na skripti isiyoiangalia ni kama mjumbe aliyepeleka barua akarudi bila kungoja jibu. Tena hapa wataalamu wenyewe hutofautiana. Katika zana za Go iko programu iitwayo stringer, inayotunga msimbo na kuupitisha kwenye go/format. Ikikataliwa, hutoa onyo na kuuandika msimbo ule ule usiopangwa, ili mwenye nao aujaribu na kuona kosa liko wapi. Kwa wenye ujuzi ni jambo la busara. Kwetu sisi, ambako faili lile laenda mbele ya watoto, napendekeza kinyume chake: faili zuri la jana libaki mahali pake lisiguswe, na ule msimbo mbovu uwekwe pembeni kwa jina jingine ili wakubwa wauchunguze.

Tano, na hili ni letu hasa sisi wa Juba, faili lisiandikwe juu ya lile la zamani moja kwa moja. Liandikwe kwanza kwa jina la muda katika folda ile ile, likisha kukamilika ndipo libadilishiwe jina kwa os.replace. Umeme ukikatika katikati, utakuwa na faili la zamani zima au jipya zima. Ukiandika moja kwa moja na umeme ukakatika, utakuwa na nusu, na nusu ya msimbo ni hasara kuliko kukosa wote.

Kama mafaili ni mengi, Black iitwe mara moja na kupewa yote, isiitwe mara moja kwa kila faili. Kila kuitwa ni Python mpya kuamka, na betri ya laptopu huliona hilo upesi kuliko sisi.

Kuhusu matoleo nasema hivi. Wasomaji wakumbuka kwamba tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Kompyuta ambayo haikupata toleo jipya la jedwali la saa iliendelea na saa ya zamani, na mbili zikiwekwa pamoja juu ya meza moja zilibishana bila kujua. Fomata nazo ni hivyo. Watu wa Black wameahidi kwamba mpangilio hautabadilika ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, ila mwanzoni mwa mwaka mpya waweza kubadilika. Mwenye toleo la mwaka jana na mwenye la mwaka huu watabadilishiana mistari kila siku, mmoja akikata na mwingine akiunga. Kwa hiyo toleo litajwe katika faili la kanuni za mradi, na asiye nalo akataliwe na mashine mapema, kabla hajakataliwa na rafiki yake.

Nimesema sana juu ya mashine. Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni watu.

Chama chetu kina wanafunzi ambao walianza shule Kakuma, na wengine katika kambi za kaskazini mwa Uganda, na wengine Khartoum ambao walirudi baada ya vita kuanza kule mwezi wa Aprili 2023. Kila mmoja alifundishwa kuandika msimbo na mtu mwingine, au hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa video. Mmoja huacha nafasi mbili, mwingine nne, mwingine hubonyeza kitufe cha Tab. Katika Python ya leo Tab na nafasi zikichanganywa ovyo katika kipande kimoja programu hukataa kabisa, kwa hiyo si jambo la kupuuzwa. Desturi imekuwa kwamba wakubwa watatu au wanne ndio wanaopokea kazi za wadogo na kuziingiza katika mradi. Nami nimeona, na wengi wameona, kwamba kazi ya mtu wao hupita hata ikiwa na nafasi zake ovyo, na kazi ya mgeni hurudishwa kwa sababu ya nafasi zile zile. Sikusudii kumtaja mtu. Msichana mmoja aliyekuja mwaka jana alirudishiwa kazi mara nne, na hata mara moja hakuambiwa neno juu ya hesabu yake, ambayo ilikuwa nzuri kuliko iliyokuwapo. Mara ya tano hakuileta. Sasa yumo katika chama cha mijadala, nao wamefaidika.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kuiweka fomata ndani ya skripti, isiwe kanuni ya mdomo. Kanuni ya mdomo ina mwenyewe, na mwenyewe ana marafiki. Mashine ikisha kupanga nafasi, mkubwa anayetaka kurudisha kazi hana budi kutafuta sababu iliyo katika akili ya kazi ile, na kuisema.

Hata hivyo sikubaliani na wale wa upande wangu ambao wamevuka mpaka. Wao wataka skripti ya lango kuu, ile inayopokea kazi za wote, iwe ikiwapangia watu msimbo wao bila kuwauliza. Mimi nasema hapana. Skripti iliyotunga msimbo yenyewe ina haki ya kuupanga, kwa kuwa ni wake. Skripti inayopokea msimbo wa mtu na ikague tu. Black ina neno lake la kukagua, «--check», ambalo haligusi faili: likikuta yote yamepangwa humaliza kwa sifuri, likikuta la kupangwa humaliza kwa moja, nalo hutaja faili gani. Mwenye faili arudi kwake, aite fomata kwa mkono wake au kwa skripti yake mwenyewe, atazame kilichobadilika, alete tena. Kazi ya sekunde mbili. Mtu akilala na faili lake na kuamka na kukuta limebadilika bila habari, hatajifunza lolote ila kuogopa mashine. Gofmt nayo huweza kutaja tu, au kuonyesha tofauti, au kuandika, kwa maneno matatu mbalimbali, na nadhani waliotenga mambo hayo matatu walikuwa na sababu.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya wakubwa wa Ulaya na Marekani tu na autazame OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutungwa mwaka 2004 na kutumiwa Eldoret, Kenya, tangu mwaka 2006. Umeandikwa kwa Java na watu wa nchi nyingi, Waganda na Wakenya wakiwamo, ambao wengi wao hawajaonana uso kwa uso. Msimbo wake wa kiini umewekewa faili moja la kanuni za mpangilio, na ile programu ya ujenzi, Maven, ndiyo inayoita fomata. Haikuachiwa adabu ya kila mtu.

Sasa niwajibu kaka zetu. Mmoja wao, ambaye siku hizi ameajiriwa, ameandika kwamba tukiupanga msimbo wote wa zamani kwa siku moja, majina ya waliouandika yatapotea, kwa maana Git itaonyesha kwamba kila mstari umeguswa na aliyeendesha fomata. Hofu hii ni ya kweli, wala si majivuno. Majina yale ndiyo historia ya chama, na wengine wao waliandika mistari ile katika miaka ambayo kupata kompyuta saa moja kwa juma ilikuwa bahati. Lakini dawa ipo tangu mwezi wa Agosti 2019, Git 2.23 ilipotoka. Kazi ya kupanga huwekwa peke yake, isichanganywe na mabadiliko mengine yoyote, kisha namba yake huandikwa katika faili la mabadiliko ya kurukwa. Na Git ikiulizwa nani aliandika mstari fulani huruka kazi ile na kumtaja mwenyewe wa kwanza. Nataka jambo hili liwe sharti, si ombi. Pasipo faili lile, fomata isiendeshwe juu ya msimbo wa zamani hata kidogo.

Mwingine ameandika kwa ukali zaidi. Asema mwanafunzi asiyepanga msimbo kwa mkono wake hatakuwa na jicho la kuona kosa, na kwamba mpangilio ni pambo tu ambalo mashine haina haja nalo. Maneno haya mawili hayapatani, lakini nitayajibu yote. Mwezi wa Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake. Katika msimbo wake wa C, mahali pa kuhakiki sahihi ya mtandao kabla ya kuuamini, mstari mmoja wa kuruka kwenda mwisho ulikuwa umeandikwa mara mbili. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti lake. Wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, lakini ulivutwa ndani sawasawa na mwenzake, jicho likadhani nao umo. Hivyo programu iliruka kila mara, na uhakiki wa mwisho haukufanyika kamwe. Fomata yoyote ingaliuvuta ule mstari wa pili nje hadi pembeni, ukabaki umesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na basi. Sisemi ingaliuondoa, fomata haiondoi. Ingaliuonyesha. Pambo linaloonyesha uongo si pambo tu.

Na jicho la mwanafunzi? Nakubali kwamba mwezi wa kwanza mtoto apange kwa mkono, tena kwenye karatasi, ajue kwamba katika Python kuvuta mstari ndani ni maana yenyewe, wala hakuna fomata itakayomsahihishia akiuweka mahali pasipo pake. Baada ya hapo sioni kwa nini aendelee kuhesabu nafasi katika saa chache alizo nazo za umeme. Asome msimbo uliopangwa vizuri kila siku. Jicho hujengwa kwa kusoma pia.

Lililobaki ni la kupata programu yenyewe. Mtambo wa ndoana unaopendwa na wengi, uitwao pre-commit, mara ya kwanza huenda kwenye intaneti kuteremsha vifaa vyake katika kila kompyuta, na bando letu hatuwezi kulichezea hivyo. Napendekeza Black na vitegemezi vyake viteremshwe mara moja kwa pip download, vikae katika flashi ya chama, na kila kompyuta iwekewe kutoka humo bila mtandao. Kisha ndoana ya kawaida ya Git, mistari michache ya skripti, iite ile iliyokwisha kuwekwa. Black ikisha kuwamo haihitaji intaneti kamwe.

Skripti mpya ya maswali ya msamiati, pamoja na faili la kurukwa, imekwisha kuandikwa na itajaribiwa katika mkutano wa chama Jumatano ya kwanza ya muhula ujao, baada ya vipindi. Mwenye pingamizi alete msimbo wake, na ikiwezekana ulete ng'ombe ndani yake. Wasio na kompyuta waje na flashi tu.